Babu, Mama Anasema

Shemeji yangu wa Matema hupiga simu kabla jogoo hajasafisha koo. Asubuhi hiyo ya mwezi wa nane hata salamu hakunipa.

"Mwalimu, Mwera imelegea. Giza linaingia Ijumaa. Hako kajenereta kako tayari?"

Nikamjibu kako tayari. Nilisema hivyo nikiwa kitandani, macho nimeyafumba, na hilo ndilo jambo la mwisho nililolisema kwa uhakika wiki hiyo nzima.

Boti ni yetu wawili. Yeye alitoa mbao na mikono, mimi nikatoa kipande cha kiinua mgongo changu cha ualimu. Usiku wa giza tunavua usipa, wale dagaa wembamba wa Ziwa Nyasa wanaokimbilia taa kama watoto wanavyokimbilia ngoma ya harusi. Mbalamwezi ikiwaka hawana habari na taa ya mtu. Wazee walivua kwa karabai. Vijana wa sasa wana taa za sola, na shemeji hunikumbusha hilo kila mwaka. Lakini mtu aliyenunua jenereta kwa kiinua mgongo haoni taa ya sola hata ukimmulika nayo usoni.

Jenereta lenyewe ni dogo, la kubebwa kwa mkono mmoja, injini yake ya kuchanganya oili na petroli. Kwa lita moja ya petroli naweka mililita 20 za oili, ambazo huzipima kwa kikombe cha dawa ya kikohozi cha wajukuu. Likiwa kazini linakaa kwenye sanduku la mbao kule nyuma ya boti, linanguruma usiku kucha, nasi tunasemezana kwa ishara.

Mwezi wa tano Mwera huanza. Asiyeujua upepo huu atazame ramani: ziwa lina urefu wa takribani kilomita 560 kutoka kusini kwenda kaskazini, na sisi tumekaa pale juu kabisa, ambapo kila wimbi lililoondoka huko kwenye maji ya Msumbiji na Malawi huja kupumzikia. Wapo wanaobahatisha usiku uliotulia. Boti yetu ina umri, na shemeji ana watoto saba. Tunaipandisha mchangani chini ya miembe, tunaifunika maturubai, na jenereta narudi nalo nyumbani Makwale kwa bodaboda, kwa sababu pale ufukweni kitu chenye kamba ya kuvuta hakichelewi kuvutwa na mwingine.

Sasa, mwaka huu nilitaka kulitunza kisomi. Wilaya yetu ya Kyela ni nchi ya maji. Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka, yote inashuka kutoka milimani kuja kumalizia safari kwetu, na masika ambayo maji hayakuingia kwenye nyumba ya mtu watu huyahesabu kuwa haba. Chini kuna mafuriko, nikawaza, chini kuna panya. Nikalifunga kamba ya mkonge, nikalining'iniza kwenye kenchi la stoo, juu ya magunia ya mpunga, likiwa limeinama kidogo upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Tenki lilikuwa na mafuta zaidi ya nusu. Nilifikiria kuyamwaga, nikaona huo ni ufujaji. Keshokutwa tu tunarudi ziwani, nikajiambia. Ilikuwa mwezi wa tano.

Basi baada ya simu ya shemeji nikalishusha, nikalifuta vumbi, nikaliweka uani chini ya mgomba. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena.

Hapa kwetu mtu akivuta kamba ya jenereta mara tatu bila majibu, baiskeli zinaanza kusimama. Mara ya kumi walikuwepo watu wanne na wajukuu wangu watatu, ambao walikuwa wakihesabu kwa sauti moja, vizuri, kwa matamshi niliyowafundisha mwenyewe. Jirani mmoja alisema plagi ioshwe. Mwingine akasema hapana, ikaangwe motoni. Wa tatu, aliyekuwa na mkungu wa ndizi kwenye kerieri na bado hajashuka, alishauri tuliingize ndani kwa kuwa manyunyu yameanza, liwake likiwa sebuleni. Huyo nilimkatalia bila adabu. Moshi wa jenereta ndani ya nyumba unaua watu wakiwa wamelala, na haugongi hodi. Alikubali, lakini hakuondoka.

"Thelathini na tisa! Arobaini! Arobaini na moja!"

Hapo mjukuu mdogo akatoka nyuma ya jiko, akasimama mbele yangu mikono nyuma.

"Babu, Mama anasema koki."

Lazima nieleze habari ya mama huyu. Ni mkamwana wangu. Kwa mila ya Kinyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani ana kwa ana: zamani mwanamke alikuwa akisikia mkwewe anakuja anaacha njia na kuingia porini, na jina la mkwewe halitamki, wala neno linalofanana nalo. Siku hizi mambo yamelegea na wengi wanakula meza moja. Huyu wetu alilelewa na bibi yake kule Ipinda, na bibi alimpa mila yote, hakupunguza hata kijiko. Haniambii neno. Hupitisha ujumbe kwa mtoto, naye mwenyewe anakuwa nyuma ya ukuta wa jiko, ambapo anaona kila kitu.

Nikatazama. Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Niliifunga mwenyewe mwezi wa tano, kwa uangalifu mkubwa.

Watu walikuwa na heshima, walikohoa tu. Mimi nikajifariji kwa historia, ndiyo faida ya kuwa mwalimu: sikuwa wa kwanza katika ziwa hili kuaibishwa na chombo kilichopumzishwa nchi kavu. Mwezi kama huu, Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa kwa matengenezo pale Liuli, ambapo wakati huo paliitwa Sphinxhafen. Nahodha wake, Berndt, alikuwa na rafiki wa kunywa naye upande wa Waingereza, nahodha Rhoades wa meli Gwendolen. Habari ya vita kuu ilimfikia Rhoades. Berndt haikumfikia. Mwingereza akaja akaanza kupiga mzinga, na inasimuliwa kwamba Mjerumani aliingia kwenye mtumbwi akapiga kasia hadi kwa rafiki yake, amefura kwa hasira, kumuuliza kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na kwamba yeye tayari ni mateka. Kwa hiyo koki iliyofungwa ni jambo dogo.

Nikafungua. Nikavuta. Jenereta likakohoa mara moja, likatoa kamoshi kembamba kenye harufu ya vanishi, likanyamaza.

"Babu, Mama anasema mbona nyigu wanazunguka hapo kwenye ekzosi."

Nyigu wale wanaofinyanga udongo walikuwa wamehamia. Kwenye kenchi, juu, pasipo panya wala mafuriko, niliwajengea makazi bora kuliko yangu, na wao bomba la moshi wakalifanya chumba cha wazazi. Nilichokonoa kwa waya wa baiskeli, ukatoka udongo laini uliopangwa vyumba vyumba, kazi safi kabisa. Mama wa Kikisi anayeuza vyungu Lyulilo siku ya Jumamosi asingeionea aibu. Nyigu mmoja alikuwa bado nyumbani. Alinichoma kwenye kidole gumba, na idadi ya baiskeli ikaongezeka.

Nikavuta tena kwa mkono wa kushoto. Likakohoa, likafa. Ile harufu ya vanishi ilikuwa imesema kila kitu, ila mimi nilikuwa siisikilizi: petroli ikikaa miezi sehemu yake nyepesi inaruka, inabaki nzito, na ile iliyosalia kwenye kikombe cha kabureta inageuka gundi na kuziba kitundu ambacho hata unywele unapita kwa taabu. Nikampigia fundi.

Fundi alikuja na pikipiki, akafungua kabureta juu ya kanga ya mtu, akanionyesha. Chini ya kikombe kulikuwa na kitu cha rangi ya asali, kinanata. "Mwalimu," akasema, "hii ungeweza kubandika viatu." Akaosha, akapuliza kwa mdomo, akazibua kitundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Mafuta ya zamani tukayamwaga yote, yale yale niliyoyaonea huruma. Mapya yakaingia, na kikombe cha dawa ya kikohozi kikafanya kazi yake.

Kamba mara mbili. Jenereta likanguruma hadi kuku wakapanda juu ya mikakao. Watoto wakashangilia. Nikachomeka globu kwa madaha ya mkuu wa wilaya anayekata utepe.

Haikuwaka.

Tukabadilisha globu. Haikuwaka. Injini inanguruma, umeme hakuna. Fundi akainama, akapima, akasimama taratibu kama daktari anayetafuta maneno. Koili imeungua, akasema. Kusuka upya ni elfu themanini, na itachukua wiki.

Nikahesabu siku hadi Ijumaa. Nikamfikiria shemeji na zile taa zake za sola.

"Babu, Mama anasema kamesahau sumaku yake."

Fundi akacheka. Mtoto akaendelea, macho juu, anakariri: "Anasema hako kakikaa sana sumaku inalala. Anasema kule saluni walikuwa wanakagusisha betri kidogo, kanaamka."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mkamwana kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka mitatu kwenye saluni huko Mbeya, mahali ambapo umeme ukikatika mteja yuko nusu kichwa. Nikakumbuka na jingine lililoniuma kuliko nyigu. Jenereta kama hili huanza kutengeneza umeme kwa msaada wa sumaku ndogo inayobaki kwenye chuma chake, na chuma kikikaa muda mrefu, au kikigongwagongwa, sumaku ile hufifia. Kugongwagongwa! Nilifundisha hilo darasani miaka mingapi? Nilichapa watoto wa watu kwa kulisahau. Kisha nikalifunga jenereta kwenye bodaboda, nikalitikisa kutoka Matema hadi Makwale, nikalitundika miezi mitatu.

"Tujaribu tu, tumalize ubishi," akasema fundi. Akachomoa betri ya pikipiki yake, akaunga nyaya mbili mahali anapopajua yeye, sekunde chache, cheche moja ya buluu. Likawashwa upya. Globu ikawaka nyekundu hafifu, ikawaza, halafu uani kote kukawa kweupe, na watu wote tukaonekana tulivyo, pamoja na yule wa mkungu wa ndizi.

Fundi alichaji elfu kumi na tano ya kabureta. Ya sumaku hakuitaja, na alikuwa mpole sana alipokuwa akifunga spana zake.

"Mwambie mama yako ndaga fijo, asante sana," nikamtuma mtoto. Nyuma ya jiko kikasikika kikohozi kidogo.

Ijumaa tulikuwa ziwani. Milima ya Livingstone ilisimama nyeusi upande wa kulia, maji yametulia, na chini ya taa zetu usipa wakaanza kuja, kwanza wachache, halafu maji yakawa kama yamemwagiwa sindano. Shemeji akanionyesha dole gumba. Mimi nikamwonyesha la kwangu, ambalo lilikuwa bado limevimba.

Nilirudi Makwale kesho yake mchana na ndoo ya usipa na jenereta, kwa sababu ya wezi. Nikaliweka stoo, safari hii chini, juu ya magogo mawili. Nilikuwa nimechoka, nataka kulala. Mtoto alikuwa mlangoni.

"Babu, Mama anasema koki."

"Mwambie imefungwa," nikasema.

Nikasubiri hadi nyumba nzima imelala, nikachukua tochi, nikaenda stoo kwa kunyata.