Bahili na Kitabu cha Kustaafu

Tanga siku hizi tuna watu wanaobana matumizi kitaalamu. Si ubahili, wanasema. Ni mpango wa kustaafu kabla ya miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma huruhusiwa kuondoka kwa hiari. Chai ya mkahawani hawanywi, daladala wanaiacha ipite, wanapanda baiskeli (hapo nawaunga mkono, ndiyo Tanga yetu). Kisha wanaingia duka la vitabu na kumwaga fedha kununua Your Money or Your Life, kitabu cha Vicki Robin na Joe Dominguez cha 1992, kinachofundisha kupima kila matumizi kwa saa za uhai ulizozitoa kazini. Hesabu hiyo wanaifanya nyumbani, kitabu kishavikwa jalada la gazeti, risiti imo ndani.

Maktaba ya Mkoa ipo palepale, katika jengo lililopewa jina la Mfalme George wa Sita enzi za mkoloni. Ada yake haimfilisi mtu. Ila maktaba hugonga mhuri wa tarehe, na bahili hapendi kudaiwa; asiponunua, afadhali aazime kwa jirani wa Ngamiani, asiye na mhuri wala faini. Jirani huyo atastaafu na rafu tupu.

Waliowahi kustaafu mapema kwa wingi hapa ni wakata mkonge, nyuzi za plastiki zilipoangusha bei miaka ya 1960. Hawakuhitaji kitabu.

Wewe uliye na changu, nyumbani unapajua. Kirudishe.