Faini ya Kuuliza

Ndugu yangu mwenye watoto, hebu niambie: mwanao akiguna, wewe unaweza kukaa kimya? Mimi siwezi. Ndiyo maana hapa kwetu Kent, kusini mwa Seattle, juu ya friji pana kopo la karanga limejaa sarafu, na nyingi zimetoka mfukoni mwangu.

Chanzo ni mgongo wa Nasra. Binti yangu ana miaka 14, na huu ni mwaka wa pili mgongo haumpi nafasi. Amepigwa picha, amepimwa damu, hakuna mfupa uliovunjika wala uvimbe. Daktari mmoja alifikia kusema labda mtoto anakwepa shule. Neno lile lilimliza Nasra kuliko mgongo wenyewe, na mama yake, ambaye nyumbani tunamwita Jaji, hajalisamehe hadi leo.

Basi kila mtu akawa mganga. Mimi naamka usiku mara tatu: "Bado kunauma?" Mdogo wake, Kifaranga, mwenye miaka sita, anambebea begi hata akienda chooni. Na mama yangu kule Tanga, akishamaliza sala ya alfajiri, kwetu ni saa moja na nusu jioni na chakula ndiyo kwanza kimetengwa, anapiga simu ya picha. "Mke mwenzangu, mgongo vipi? Wamekuchua?" Mafuta ya karafuu alishatuletea chupa mbili kwa mkono wa mgeni. Moja ilipasukia sandukuni, na suti ya mtoto wa watu ikanukia pilau msimu mzima.

Ndipo daktari mwingine akamwonyesha Nasra programu ya simu iitwayo WebMAP. Imetengenezwa hapahapa Seattle na mwanasaikolojia Tonya Palermo na wenzake, kwa ajili ya vijana wenye maumivu sugu. Imepangwa kama safari: kijana anatoka kituo hiki hadi kile, na kila kituo kina la kufundisha, mara kupumua kwa tumbo, mara kulegeza misuli, mara kupanga usingizi na kurudia shughuli zake kidogo kidogo. Wazazi nao wana masomo yao, na langu lilinichoma: punguza kuulizia maumivu, sifia anachofanya.

"Mtoto anaumwa, mimi nisiulize?" nilimaka. Jaji akakata hukumu palepale: atakayeuliza, robo dola.

Nilikuja kuelewa siku ya chapati. Zamu ya jikoni ilikuwa yangu, chuma kimeshika moto, mafuta yakatoa moshi kidogo, na kengele ya moshi ikaanza kulia. Nasra alikuwa amelala chali sebuleni, kiganja juu ya tumbo, akihesabu pumzi. Kifaranga akatimkia nje na chapati mbili. Nikafungua madirisha, nikapepea kwa kanga ya Jaji, moshi ukaisha. Kengele bado inalia.

Nasra akajiinua taratibu, akachukua fimbo ya ufagio, akabonyeza kitufe. Kimya.

"Baba, mgongo wangu ndiyo hivi," akasema. "Naumwa kweli. Hakuna kinachoungua, ila kengele haizimiki. Na kila ukiniuliza, unaniongezea sauti."

Nilibaki na mwiko mkononi, sijui niuweke wapi.

Tangu siku hiyo tunajitahidi. Wiki ya kwanza alihudhuria vipindi viwili shuleni, ya pili akafika hadi chakula cha mchana. Siku nyingine anarudi amejikunja kama jongoo, tunaanza upya. Mgongo haujapona, lakini anatoka. Nilisoma kwamba hata katika utafiti wa Palermo na wenzake uliochapishwa 2016, programu ilipokuwa bado ya tovuti, wenye vijana 273, faida kubwa ilikuwa hiyohiyo: maumivu hayakuwazuia tena kama mwanzo kufanya shughuli zao. Kwangu mimi mzazi, kumwona anafunga kamba za viatu asubuhi ni neema.

Jana Tanga wakapiga. Mama tulikuwa tumemfunda wiki nzima. Akauliza shule, akauliza marafiki, akauliza mpaka paka wa jirani. Namwona kwenye kioo anavyohangaika, anavuta ushungi, anauachia. Mwisho likamtoka: "Mke mwenzangu, na mgongo je?"

Nyumba nzima tukapiga kelele. Kifaranga tayari ameshakumbatia kopo.

"Basi faini mnikate kwenye hela ya mwezi huu!" akajibu Mama.

Nasra alicheka mpaka akashika kiuno. Akanipapasa mfukoni, akatoa robo dola, akaitumbukiza kwa niaba ya bibi yake. Kisha akahamia kwenye kochi na simu, akamsimulia mgongo ulivyoshinda, kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Faini ilikuwa imeshalipwa.