Mbuzi Hakusoma Kanuni

Tangu 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki ni marufuku Tanzania, na sisi wa Mazingara hadi Korogwe tumetii kabisa: nyanya sasa zinabebwa kwenye kile kinailoni cheupe kisicho na mikono. Hicho, anasema muuzaji, si mfuko, ni kifungashio. Mbuzi akikitafuna haoni tofauti, lakini mbuzi hakusoma kanuni. Chupa za maji nazo tunachoma nyuma ya nyumba, moshi tunavuta bure.

Halmashauri za wilaya zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, za ushuru na hata za taka, tangu Sheria Na. 7 ya 1982. Za taka hatuzioni, lakini siku ya gulio mtoza ushuru haugui kamwe! Waheshimiwa madiwani, kwenye ushuru huo huo tengeni hela ya mapipa ya taka.