National ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na katika vyombo vya umeme anaitambua kampuni moja tu. Redio ya kwanza kuingia nyumbani kwake ilikuwa National, ile iliyovishwa gamba la ngozi lenye matundu. Marehemu baba mkwe aliisikilizia taarifa ya habari kila jioni, na hakuna mtoto aliyethubutu kugusa kitufe chake. Baadaye pasi ikaja National, feni ikaja National. Hata betri za tochi zilikuwa National, maana kampuni yenyewe ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, ikitengeneza betri na redio hapa hapa. Kwa watu wa rika lake, hilo si jina la wageni.

Alipokuja kukaa nasi Dar es Salaam, alikuta blenda yetu imekwisha kufa. Mume wangu akatoka akarudi na mpya, Panasonic, ndani ya sanduku lake na waranti yake. Mama akalizungusha sanduku pande zote, akasoma kila lililosomeka, kisha akalisukuma kando taratibu.

"Baba, mimi nilisema National. Huyu simjui baba yake wala mama yake."

Mume wangu alifungua kinywa, akakifunga. Katika nyumba yetu neno la mama halibishiwi mbele ya watoto, na mimi naona ni jambo jema. Sanduku likapanda juu ya kabati, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akajitolea kwenda kuitafuta National popote ilipo.

Alizunguka Kariakoo duka kwa duka. Wauzaji wa blenda mpya walimwonyesha majina chungu nzima, lakini National hakuna. Hatimaye akaipata kwa mfanyabiashara wa mitumba, katika mzigo uliotoka Japani. Jagi lake lilikuwa la kioo kizito, kitako chake hakina mkwaruzo, na mbele pameandikwa National kwa herufi zile zile za redio ya baba mkwe. Bei yake haikufika hata nusu ya ile iliyokuwa juu ya kabati. Waya wake ulikuwa na plagi ya pini mbili bapa, na kwa kuwa soketi zetu ni za pini tatu za mraba, shemeji aliikata plagi ile akafunga nyingine. Mama alipoiona alishika jagi kwa mikono miwili akamwombea mwanawe dua ndefu.

Jumapili ikawa siku ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nazi zilikunwa kwa mbuzi, kwa sababu mama hakubali vinginevyo, lakini kazi ya kuisaga nazi hiyo ili tui litoke zito aliiachia National. Akatia nazi, akatia maji ya uvuguvugu, akafunika, akaweka kiganja juu ya kifuniko. Shemeji akawasha.

Sijawahi kusikia blenda ikilia namna ile. Haikunguruma, ilipiga ukelele mkali mmoja uliozidi kupanda, na meza nzima ikatetemeka. Kifuniko kilimponyoka mama, tui likaruka hadi kwenye dari, machicha yakatapakaa kwenye pazia, kwenye ndoo ya maji, kwenye khanga yake na kichwani kwa mtoto wetu mdogo aliyekuwa amesimama akitazama. Kisha ukaja moshi, na harufu ya waya ulioungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Mume wangu alikimbia kutoka sebuleni akachomoa plagi. Kimya. Mtoto akaanza kulia.

"Subhanallah," mama akasema, kiganja bado hewani.

Niliwakagua vidole mama na mtoto kabla ya kutazama kitu kingine. Hakuna aliyeumia. Nasisitiza hili kwa sababu visu vya blenda vilikuwa vikizunguka kwa kasi ambayo havikutengenezwa kuihimili, na jagi lilikuwa la kioo.

Baada ya hofu likaja swali la nani wa kulaumiwa. Mama aliamini mwanawe ameuziwa bandia. Shemeji aliapa kwamba kitu ni halali, na mume wangu akasema umeme wa siku hiyo ulikuwa umezidi. Basi akaitwa fundi wa mtaani kwetu, mzee wa makamo anayezungushia mota waya upya na ambaye hazungumzi sana. Hakuigusa swichi. Aliigeuza blenda kichwa chini, akafuta machicha kwa kidole gumba, akatuonyesha kibandiko cha kitakoni. Maandishi yalikuwa ya Kijapani matupu, lakini katikati yake palikuwa na tarakimu ambazo kila mmoja wetu angeweza kuzisoma: 100V.

Hilo ndilo lililotupata. Nyumba za Japani hutumia umeme wa volti 100. Nyumba za Tanzania hutumia volti 230. Ile National haikuwa bandia hata kidogo. Ilitengenezwa na wenyewe, kwa ajili ya jiko la Mjapani, ikaletwa kwetu ikapewa umeme zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Mota ya blenda ikilishwa hivyo huzunguka kwa wazimu, kisha waya zake huyeyuka utomvu unaozikinga na kuungua. Vifaa vya kupasha moto hali yake ni mbaya zaidi: pasi ya volti 100 ikichomekwa kwenye soketi yetu huvuta nguvu zaidi ya mara tano ya ile iliyokusudiwa. Fundi alisema zile pini mbili bapa zilikuwa onyo. Plagi ilipokatwa, onyo likatupwa pamoja nayo.

"Kwa hiyo kumbe National si nzuri?" mama akauliza, na nilisikia uchungu katika sauti yake. Alikuwa kama anayeuliza habari za mtu aliyemwamini miaka yote.

Nikaketi naye mkekani, nikamweleza kwa njia ninayojua anaielewa, yaani kwa ukoo. Nikamwambia, mama, hawa watu ni nyumba moja. Mzee wao ni Konosuke Matsushita, aliyeanzisha kampuni yake Osaka mwaka 1918. Jina National alilitoa mwaka 1927 kwa ajili ya taa ya baiskeli, kabla hata ya redio. Walipotaka kuuza bidhaa Marekani, wakakuta jina hilo lina mwenyewe kule tayari, basi spika walizozipeleka nje mwaka 1955 wakaziita Panasonic. Hivyo kwa miaka mingi mtoto mmoja aliitwa majina mawili: jikoni na nyumbani National, kwenye spika na televisheni za nje Panasonic. Baadaye wakazaa jina la tatu, Technics, la vyombo vya muziki, mashuhuri kwa mashine za kupigia santuri kwenye madisko. Na tangu miaka ya 1950 walikuwa wameshika pia sehemu kubwa ya JVC, waliobuni mikanda ya VHS.

"Na Sanyo?" mama akauliza, kwa sababu chumbani kwake Tanga iko televisheni ya chogo ya Sanyo ambayo bado inawaka.

Hapo ndipo nilipompata. Sanyo ilianzishwa na shemeji yake Matsushita, Toshio Iue, ndugu wa mkewe. Alifanya kazi kwa mzee miaka mingi, na mwaka 1947 akaazimwa kiwanda kilichokuwa hakitumiki, akaanza na taa za baiskeli kama mkubwa wake. Mama alipenda sana habari ya kuazimwa kiwanda. Akamtazama mwanawe mdogo, aliyekuwa amejiinamia tangu kifuniko kiruke, akamwambia, "Unaona? Shemeji mwema huanza na alichopewa." Kijana akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Nikamalizia: mwaka 2003 wakaamua kwamba nje ya Japani jina liwe Panasonic peke yake. Oktoba 2008 kampuni yenyewe ikaacha jina la Matsushita ikajiita Panasonic, na National ikaanza kuondolewa hata huko Japani kwenyewe. Mwaka uliofuata wakamchukua Sanyo akarudi nyumbani, ingawa mashine zake za kufulia na majokofu baadaye vikauzwa kwa Haier wa China. Kwa hiyo, mama, aliye juu ya kabati ndiye National mwenyewe. Amebadili jina tu.

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Mteremsheni."

Fundi alikuwa bado anakunywa chai wakati wifi yangu na mpwa wake walipodakia mada. Hawa wawili hugombana kila siku, mmoja na Tecno yake, mwingine na Infinix yake, kila mmoja akidai simu ya mwenziwe ni takataka. Ukweli ni kwamba Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen, China, iliyoanza mwaka 2006 na kuielekeza biashara yake Afrika. Vipokea sauti vya Oraimo walivyovivaa masikioni ni vya huko huko, na simu zikiharibika wote wawili huzipeleka Carlcare. Kampuni imegawa majina kulingana na mifuko ya watu. Wifi alikataa kuamini hadi fundi alipoitikia kwa kichwa.

Mimi jambo hili silioni dogo. Watu wetu wananunua jina, na majina ya viwanda hufa, hupangishwa na huuzwa bila mnunuzi kuambiwa. Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, na simu zilizokuja baadaye kwa jina hilo zilitolewa na kampuni nyingine ya Finland, HMD, iliyoanza mwaka 2016 kwa kibali cha kulitumia. Televisheni zenye jina la Philips katika nchi nyingi hutengenezwa na TPV. Za Toshiba, tangu 2018, ziko mikononi mwa Hisense. Si kwamba vitu hivyo ni vibaya. Vingine ni vizuri sana. Ila anayetoa fedha zake kwa sababu ya sifa za redio ya baba yake ana haki ya kujua anamlipa nani, na nani atapokea malalamiko kitu kikiharibika. Muuzaji anayejua kitu ni cha volti 100 na akanyamaza, huyo anachezea maisha ya watu, na sina neno laini la kumwambia.

Basi ndugu msomaji, kabla hujalipa, kigeuze kitu kichwa chini. Soma volti: kwetu iwe 220 hadi 240. Ukiona 100, kiache, au nunua pamoja nacho transfoma ya kushusha umeme yenye wati zaidi ya kifaa chenyewe. Usikate plagi ya kigeni kabla ya kuuliza kwa nini ni ya kigeni. Soma jina la mtengenezaji, ambalo mara nyingi huwa dogo na liko mbali na lile kubwa la mbele, kisha uliza kituo chake cha matengenezo kiko wapi. Na kama una mzee nyumbani anayelia na National, mtendee haki: mweleze kwa heshima kwamba siku hizi inaitwa Panasonic.