Maombi ya Kibali cha Ufa

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri isiyohitaji kutajwa

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi wakazi wa mtaa uliopimwa juu ya udongo mweusi tunakushukuru. Viwanja ulitupimia, ramani zetu ukazigonga muhuri, na hakuna aliyetusumbua kwa swali hata moja kuhusu udongo. Huo ndio utumishi usio na urasimu.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu zimeanza kufanya ujenzi wa ziada bila kibali. Masika yakiingia, udongo wa mfinyanzi pembezoni mwa msingi hunywa maji, huvimba na kuziinua kuta za nje, huku ule wa katikati, uliofunikwa na jamvi, ukiwa bado mkavu. Kiangazi kikija, pembezoni hukauka, hunywea, na kuta hushuka. Ufa huanzia kwenye pembe ya dirisha ukafuata viungo vya matofali. Mlango wa mbele sasa hufunguka kwa msimu. Tunaomba ufafanuzi: nyumba iliyoinuka masika itatozwa kodi ya ghorofa?

Udongo huu pia una adabu ya kiofisi. Jengo zito huliheshimu, kwa kuwa uzito wake huukandamiza uvimbe. Kibanda chepesi cha mstaafu ndicho hurushwarushwa.

Kuhusu mtaro, taarifa ya utekelezaji inasema umekamilika. Ni kweli, umekamilika kuanza. Hukusanya maji ya barabara nzima na kuyakabidhi kwenye msingi wa nyumba ya mwisho.

Wapo wajuaji wanaodai tiba inajulikana. Wanataja Kibaha, ambako nyufa za namna hii zilichunguzwa hadi zikazaa tasnifu ya udaktari mwaka 2008. Eti udongo upimwe kabla ya kugawa viwanja. Msingi ushuke chini ya tabaka linalobadilika na misimu, au udongo mweusi uondolewe, ijazwe moramu na kushindiliwa. Mkanda ufungwe nondo. Nyumba izungushiwe zege linalomwaga maji nje. Na mtaro uwe na mwisho. Tumewaambia watulie, jambo kubwa hivi linahitaji semina kwanza.

Ombi letu ni dogo: ufa upewe kibali mapema, wasije vijana wako wakatuchorea X nyekundu kabla udongo haujamaliza kazi yake.

Wako katika kupanda na kushuka,
Wakazi

Nakala: Mkandarasi wa mtaro, popote ulipoishia.