Namna ya Kumsomesha Mtoto Nyumbani Bila Kuitwa Ofisi ya Mtendaji

Kwanza, hakikisha mwanao hakui. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafika 13 aandikishwe shule ya msingi, na mzazi asimamie mahudhurio. Chini ya hapo mfundishe utakalo, hata kuvua pweza. Akitimiza saba, asubuhi yake si yako tena.

Ikishindikana kumdumaza, igeuze nyumba kuwa shule. Uthibitishwe wewe kuwa mmiliki, apatikane meneja, ndipo uombe namba ya usajili. Usisahau vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, jingine kwa wavulana 25. Binti yako atajinafasi peke yake kwenye tundu la watu ishirini, na la wavulana mtafugia kuku.

Wako watakaokuletea habari za Marekani, ambako majimbo yote yanaruhusu mzazi kufundisha nyumbani. Usiwasikilize. Sisi wa Bagamoyo tulikuwa makao makuu ya Mjerumani hadi 1891, na Mjerumani mpaka leo kwao mtoto ni shule tu, mambo ya kusomea nyumbani hayataki. Kumbe hakutuachia boma peke yake.

Penye utamu ni mtihani. Namba ya PREM, ile inayomtambulisha mwanafunzi, mtoto huipatia shuleni. Bila hiyo, mwanao hata awe anajumlisha bei za mafungu ya samaki pale sokoni kabla mnadi hajameza mate, kwa mtihani wa darasa la saba bado hajazaliwa. Lakini subiri akue. Mtu aliyeikosa sekondari anaruhusiwa kufanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, na akifaulu anaingia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kajisomea wapi? Shauri yake. Yaani Baraza la Mitihani halina shaka kwamba mtu anaweza kusomea sebuleni akafaulu, mradi awe ameikosa shule kwanza. Nikifika hapo huwa najikuna kichwa, kisha naendelea.

Basi fanya wafanyavyo wengi: mwandikishe, avae sare, aitikie jina. Serikali inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wa kwangu alikaa na wenzake tisini na ushei, wanne dawati moja, na kwenye daftari la mahudhurio hakuwa na doa. Kusoma alijulia nyumbani usiku, kwa tochi ya simu, tukiunganisha silabi za gazeti lililofungiwa vitumbua.

Nilipomwachisha, mtendaji alifika siku ya nne na barua mkononi.

"Shikamoo, baba," binti akamwamkia.

"Marahaba. Mbona hujaenda shule?"

"Nasoma hapa hapa."

Mtendaji akacheka, akampa ile barua amjaribu. Mtoto akaisoma yote, na muhuri akausoma, kisha akarudi juu na kidole.

"Baba, hapa umeandika 'kutohudhulia'. Ni 'kutohudhuria'."

Mtendaji akaitazama kitambo. Akaazima kalamu yangu, akakata ile l, akaandika r juu yake, halafu akanionyesha pa kusaini: chini kabisa, palipoandikwa "mzazi wa mtoro".