Sifa za "Ya" wa Mpakani

Wengine na wasifu chumvi ya Katwe na shaba ya Kilembe. Mimi namsifu kiumbe wa herufi mbili asiyelipa ushuru wala kugongewa mhuri: "ya", yule anayening'inia nyuma ya saa pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Congo. "Niletee mzigo saa tatu ya Congo." "Hapana mama, saa tatu ya Uganda!" Bila yeye Bwera ya huku Uganda na Kasindi ya ng'ambo wasingeuziana hata fungu la samaki.

Maana Mto Lhubiriha wa mpakani haujafaulu kutenganisha watu. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, wanasikilizana. Ulichofaulu kutenganisha ni saa. Uganda iko mbele kwa saa moja. Mtu wa Kasindi akikuahidi saa tatu akammeza "ya" wake, wewe wa Bwera utafika mapema mno, ukae uhesabu malori. Ukimmeza wewe, mwenzako atatokea saa nne yako, na uso wa mtu aliyewahi.

Wanasarufi humwona wa ziada: "saa tatu asubuhi" yatosha, wanasema, "ya" wa nini? Waende wakamfute getini siku ya soko. Wajapani wao hawana mchezo: ukitaja saa hubandika "ni" kwa nyuma, *sanji ni*, ila "leo" na "kesho" hupita bure, na mwanafunzi ajijue. Lakini hiyo "ni" yao haijawahi kubeba nchi mbili kichwani.

Tena jua lenyewe lina upande katika ugomvi huu, na si upande wetu. Saa ya Uganda imepimwa kwa nyuzi 45 mashariki, jirani na Mogadishu. Bwera iko karibu na nyuzi 30. Ndiyo maana huku jirani na ikweta jua huchomoza kama saa moja ya Uganda, wakati ng'ambo ni kama saa kumi na mbili, vile vile wazee walivyohesabu. Mfungaji wa Ramadhani hufuturu magharibi ileile pande zote mbili. Anayegawanya ni "ya" tu.

Simu zilikuja kumnyang'anya kazi, zikamwongezea. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo ukiwa bado Bwera, saa inarudi nyuma yenyewe.

Tangu 2022 Congo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Vizuri sana. Ila mheshimiwa yeyote asije akaunganisha na saa, maana atawaonea wadeni. Aliyeapa kulipa kabla ya saa sita, akifumaniwa saa sita na nusu, leo bado ana wakili: "Saa sita ya wapi, mzee?" Na mdai, akijua kashindwa kesi, huvuta kiti akaagiza chai.